Nani Atampa Onesimo Kazi?

Somo: Filemoni 8-21, Waefeso 4:28



Hapa Nakivale tunajua maana ya kuanza upya. Tulifika bila jembe, tukapewa kipande cha ardhi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Lakini kijana wetu akitoka gerezani, tunamfungia mlango ule ambao wenyeji walitufungulia sisi.

Ndugu mmoja alirudi kwetu baada ya kifungo cha wizi. Gerezani alijifunza kushona. Alizunguka kwa wenye vyerehani, akaenda hata kwa wanaofyatua matofali. Wote walisema, "Tutakuita." Hakuna aliyemwita. Na sisi wazee wa kanisa tulimpa sabuni na maombi, tukamwacha aende zake. Hapo tulikosa.

Mtume Paulo anamwagiza aliyekuwa mwizi aache wizi, afanye kazi kwa mikono yake, hata apate cha kumgawia mhitaji. Tukimnyima kazi, atalitii neno hili kwa njia gani?

Tazameni Onesimo, ambaye jina lake maana yake ni "wa kufaa". Paulo, naye akiwa mfungwa, hakumrudisha mikono mitupu. Alimwandikia barua, akaahidi kulipa deni lake yeye mwenyewe. Hakumwambia Filemoni asahau hasara.

Nasi tusimsahau mama mjane aliyeibiwa mbuzi, ambaye huketi nasi ibadani. Tukihubiri msamaha bila malipo, tunamwachia mama huyu mzigo peke yake.

Kwa hiyo, baada ya kuomba pamoja naye, tumekubaliana hivi: wazee wawili wamemdhamini ndugu yetu kwa fundi mmoja, kitambaa kikipotea, tutalipa sisi. Naye ataweka akiba sehemu ya ujira wake kila mwezi, mpaka mbuzi wa mama apatikane. Mama alisema, "Nitaamini nikimwona mbuzi." Hatumlaumu.

Mpendwa mwenye shamba, mwenye cherehani, mwenye duka: ndugu wa namna hii akibisha hodi, mwulize anajua kufanya nini. Mpe kazi ya siku moja, mlipe jioni. Ukiogopa, njoo kwa wazee tuzungumze juu ya dhamana.

Kristo alilibeba deni letu tukiwa hatuna cha kulipa. Bwana awabariki. Amina.