Ruhusa Inayoonewa Haya

Nimodipini ni dawa isiyojua Ramadhani. Aliyepasukiwa na mshipa wa ubongo hupewa kila baada ya saa 4, usiku na mchana, kwa siku 21, ili mishipa iliyobaki isijikaze ikaunyima ubongo damu. Wapo wanaoruhusiwa kutoka hospitali kabla siku hizo hazijatimia, na vidonge vilivyosalia wakavimalizia nyumbani kwao Ibra, Sur au Nizwa, huko Oman. Mfungo ukiingia humo, mama mtu mzima ambaye hajaacha kufunga tangu utotoni analetewa kidonge na bilauri ya maji adhuhuri, wajukuu wakimtazama kwa midomo mikavu. Anameza. Kisha anageuza uso ukutani kwa haya.

Haya hiyo haikutoka katika sheria. Qur'ani, katika sura ya Al-Baqara, imemtaja mgonjwa pamoja na msafiri na kuwapa siku nyingine za kulipa. Tena msafiri wa Oman haoni haya hata kidogo. Katika madhehebu ya Ibadhi yanayofuatwa huko, anayevuka farsakhi 2 kutoka mji wake, yaani kama kilomita 12, hufupisha sala, na huendelea kufupisha hata akikaa ugenini miaka, maadamu hajaufanya mji ule kuwa makazi yake. Mtu wa Ibra mwenye kazi Maskati husali adhuhuri rakaa mbili wiki nzima na hakuna anayemwonea huruma. Kwa nini basi mgonjwa ajione mdeni?

Sehemu ya jibu ni kwamba ugonjwa huu hauonekani. Ukuta wa mshipa hudhoofika mahali pamoja ukatuna. Katika watu wazima 100, kama 3 wanatembea na uvimbe huo bila kujua, na wengi wao hautawapasukia kamwe. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Ukipasuka, kichwa huuma ghafla kwa namna ambayo mtu hajawahi kuijua, na zaidi ya theluthi ya wanaopasukiwa hufariki. Mwaka 1937 daktari Walter Dandy wa Marekani alifungua fuvu na kuubana uvimbe kwa kibanio kidogo cha fedha, na njia hiyo ingali ikitumika. Kuanzia miaka ya 1990 imekuwapo pia njia ya Guido Guglielmi: uzi wa platini hupitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka ufike kichwani, ukajikunja ndani ya uvimbe na kuuziba. Kwa Waomani wengi mambo hayo makubwa ya ubongo hufanyika Hospitali ya Khoula, Maskati. Aliyetibiwa kwa uzi hurudi mkoani Sharqiyah au Dakhiliyah bila mshono wowote kichwani.

Wageni nao wanakuja. Kumtazama mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya mwenzake, na familia zilizorudi kutoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya 1970, huitimiza haki hiyo kwa lugha mbili ndani ya chumba kimoja. Kahawa inamiminwa, halua inafunuliwa, habari za Mudhairib zinakutana na habari za Malindi ya Unguja. "Mashallah Bi mkubwa, mbona mzima kabisa!" Maneno hayo yanasemwa kwa mapenzi, lakini yanamwumiza. Mgeni hakuona kwamba saa moja baadaye mwanga wa dirishani utamchoma macho, sauti ya watoto itampasua kichwa, na katika sala ya alasiri hatajua kama amefika rakaa ya pili au ya tatu. Uchovu na usahaulifu wa namna hii huweza kudumu miezi, kwa wengine miaka. (Sunna ya kumzuru mgonjwa ni kukaa kidogo na kuondoka, ila kwenye kahawa sunna hiyo husahauliwa upesi.)

Kwa Ibadhi kushindwa kufunga au kusali sawasawa kuna uzito zaidi, kwa sababu imani kwao si itikadi ya moyoni peke yake. Ni kauli na amali pamoja. Aliyelelewa hivyo, siku amali zinapomponyoka huogopa kwamba kilichopungua ni imani yake. Ni hofu ya mtu mwenye dini, haifai kufanyiwa mzaha.

Jabir bin Zaid, imamu wa mwanzo wa madhehebu hayo, alizaliwa Firq, nje kidogo ya Nizwa, na mwalimu wake mkubwa alikuwa Ibn Abbas, binamu yake Mtume. Ibn Abbas alipopofuka, imepokewa kwamba tabibu alimwahidi tiba kwa sharti moja: alale chali siku kadhaa na asali kwa ishara. Akawauliza masahaba wenzake. Wakamrudishia swali: ukifa ndani ya siku hizo, sala yako itakuwaje? Akaiacha tiba, akafa kipofu. Kisa hiki kimewaliza wachamungu wengi, na bila shaka wapo wanaokikumbuka wanapotazama boksi la vidonge.

Lakini ni Ibn Abbas huyo huyo aliyesimulia, katika mkusanyiko wa hadithi wa Abu Daud, habari ya mtu aliyejeruhiwa zama za Mtume. Riwaya ya sahaba Jabir bin Abdallah inasema jeraha lilikuwa la kichwani. Usiku akapatwa na janaba, akauliza kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wenzake wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume alipopata habari alighadhibika, akasema kwamba wao ndio waliomwua: kama hawakujua, mbona hawakuuliza?

Visa viwili, na Ibn Abbas yumo katika vyote: katika kimoja ni mgonjwa, katika kingine ni msimulizi. Wanazuoni waliokuja baadaye walitofautiana: Malik hakuruhusu mtu alale chali kwa ajili ya tiba ya jicho, Abu Hanifa aliruhusu. Hata hivyo tofauti iliyo kubwa zaidi iko kwingine. Ibn Abbas alijichagulia shida, na alichopoteza ni macho. Yule mwenye jeraha alichaguliwa shida na wenziwe, akapoteza roho. Anayemwambia mgonjwa wa ubongo "jikaze, Mungu yupo" amesimama pamoja na hao wenziwe, hata kama nia yake ni njema kama yao.

Tena ubongo si jicho. Akili ndiyo inayomfanya mtu aamrishwe, na kuihifadhi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria. Anayekunywa maji na dawa kwa wakati anakilinda kile ambacho bila hicho hakuna saumu wala sala inayomlazimu. Kusaidiwa nako si aibu. Nur al-Din al-Salimi, aliyesomesha Al-Qabil huko Sharqiyah na kufariki 1914, alikuwa kipofu tangu utotoni. Vitabu vyake vinavyosomwa mpaka leo viliandikwa kwa mikono ya wengine. Binti anayekaa karibu na mama yake kumhesabia rakaa anafanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Deni la saumu hulipwa kwa nafasi. Bi Aisha, mke wa Mtume, alisema waziwazi kwamba siku alizokuwa akidaiwa za Ramadhani hakuweza kuzilipa mpaka Shaabani. Oman, kutoka alfajiri hadi magharibi ni karibu saa 15 mwezi wa Juni, na kama saa 12 tu Desemba. Mgonjwa aliyeambiwa na daktari wake kuwa sasa anaweza, na aanze Desemba, siku moja moja. Ambaye hajaambiwa, ale, na jamaa zake wampelekee sahani bila kunong'ona.