Msumeno Hauna Mikono

Wajukuu wangu wa Thika na Ruiru, ketini. Jana mmoja wenu alisahau koti hapa, na mfukoni mkadondoka kikopo cha vifuko vyeupe vya nikotini, vile mnavyobana chini ya mdomo. Sikukasirika. Nilikumbuka Nissan yangu.

Miaka ya tisini nilikuwa dereva wa matatu, Thika kwenda Nairobi. Mimi navuta huku nimeshika usukani, abiria wanavuta nyuma, na madirisha yamefungwa kwa baridi ya Julai. Asubuhi moja tukipita Ruiru, mama aliyempakata mtoto mwenye kifua akaniomba: "Baba, tafadhali, mtoto anakohoa." Nikamwambia ashuke apande gari lingine. Hakushuka. Alimfunika mtoto uso kwa leso. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Kisha ikatungwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, ikaanza kutumika 2008. Kuvuta ndani ya matatu kukawa kosa. Sikugeuka malaika siku hiyo; waliobadilika ni abiria. Niliposahau nikawasha, mama mwingine hakuniomba. Alisema, "Dereva, zima," na gari zima likamuunga mkono. Ndipo nikajua kazi ya sheria ya afya: humpa mnyonge ulimi.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ni kweli, ila msumeno hauna mikono. Ukiachwa ukutani hushika kutu. Sheria hiyo ya 2007 inakataza pia kuuza sigara moja moja, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Jioni hii piteni Makongeni, au kwenye steji za Ruiru, kisha mnieleze mlichokiona vibandani.

Wenye fedha hawakosi mikono. Serikali ilipotoa kanuni za tumbaku za mwaka 2014, zikiwemo za picha za maonyo kwenye pakiti, kampuni ya British American Tobacco ilikwenda kortini. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ikatupwa Novemba 2019. Kushtaki ni haki yao, siwalaumu kwa hilo. Lakini wao walisoma kila mstari. Ninyi je?

Sheria ya 2007 iliandikwa kabla hatujavizoea vepu na vifuko hivi. Mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma alipeleka Seneti mswada wa kuirekebisha ili navyo vidhibitiwe. Na mswada haupiti hivi hivi: kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi. Julai 2024 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufani baadaye ilisimamisha uamuzi huo, lakini funzo limebaki: maoni yenu si pambo.

Basi shikeni haya. Tangazo la mswada likitoka, someni mswada wenyewe, msitosheke na maneno ya mitandaoni. Andikeni ukurasa mmoja: umeona nini, wapi, na unataka kifungu gani kiongezwe au kiondolewe. Kikao kikiitishwa, nenda kwa nauli yako. Anayekulipia nauli huenda akakudai na maneno. Sheria ikishapita, usimwachie bwana afya peke yake. Sema "zima" hata kama sauti inatetemeka.

Na anayepinga msikilizeni. Hapa Thika kuna kiwanda cha kuchakata majani ya tumbaku, na wapo majirani waliolea watoto kwa mshahara wa pale. Usimtukane jirani. Muulize angependa mwanawe aanze kutumia nikotini akiwa na miaka mingapi. Jibu lake litie kwenye barua yako.

Kikopo kiko mezani; mwenyewe akichukue, sitamuuliza neno. Kando yake kuna karatasi na kalamu. Barua ya kwanza nimeshaianza mimi. Inaanza na mtoto aliyekuwa akikohoa, na leso ya mama yake.