Kifaa Kisichotumika

Kasha la kawaida la bati la kutunzia biti za drili za inchi lina matundu 29, kuanzia 1/16 hadi 1/2, kila tundu likizidi lililotangulia kwa 1/64. Kila tundu lina namba yake, hivyo fundi huona mara moja biti ipi haijarudi. Mkusanyaji akiyafungia kabatini makasha ya zamani pamoja na biti zake, je, bado ni vifaa? Kwa Aristotle, kiini cha shoka ni kukata. Likipoteza uwezo huo, hubaki jina tu. Mwanafalsafa Walter Benjamin, akiandika mwaka 1931 kuhusu kukusanya vitabu, aliona kwamba mkusanyaji hakipimi kitu kwa manufaa yake. Hapa Aristotle ana hoja nzito zaidi: biti iliyonolewa vizuri ingali na uwezo wa kutoboa, hata ikilala miaka.