Anwani na Amana

Msafiri atokaye Malindi kwa njia ya Watamu, akapinda kuingia katika magofu ya Gedi, hukuta nyumba zenye majina: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma. Majina hayo hawakuyaweka wenyeji, ambao waliuhama mji wao karne nyingi zilizopita wasituachie hata jina la mwenye nyumba mmoja. Yaliwekwa na wachimbuzi wa zama za James Kirkman, aliyeanza kazi ya kufukua pale mwaka 1948, nao walifuata kitu kimoja kilichookotwa ndani ya kila nyumba. Basi watu waliozaliwa, wakaoa, wakasali na kufia mle, habari yao yote imewekwa chini ya mkasi ambao pengine mwenyewe alikwisha kata tamaa ya kuutafuta. Mgeni hukisoma kibao, akapiga picha, akapita. Ua, kisima, choo kilichojengwa kwa ustadi na vidaka vya ukutani havimshughulishi, maana kibao hakikuvitaja.

Simlaumu mchimbuzi, kwani nyumba hamsini zisizo na majina haziwezi kuzungumzwa. Lakini hapa ndipo penye suala ambalo waandishi wa makala hulipita mbio: mtu awekaye anwani juu ya maneno ya mwenziwe, au hata juu ya maneno yake mwenyewe baada ya kuyaandika, husema kwa ulimi wa nani, na ataulizwa nini juu ya hilo? Suala hili limezidi uzito siku hizi, ambapo msomaji huishika simu akapitisha kidole juu ya kioo, asisimame ila penye vichwa vidogo. Kwake yeye vile vichwa ndiyo makala, na aya zilizo chini yake ni kana kwamba hazikuandikwa.

Maulama walilikabili jambo hili mapema, tena kwa tahadhari. Sura 114 za Kurani zina majina, na sura moja yaweza kuwa na zaidi ya jina moja: ya 9 ni Tawba na ni Baraa, ya 17 ni Israi na ni Bani Israil. Majina hayo hayadai kueleza yote yaliyomo. Sura ya pili ina aya 286, nayo imeitwa Ng'ombe kwa ajili ya kisa cha aya chache kuanzia ya 67. Na sura ya Ikhlasi, aijuayo kila mtoto wa chuoni wa Mambrui na Takaungu, neno lenyewe la ikhlasi halimo ndani yake. Hata hivyo walikuwako katika wema waliotangulia waliochukia jina la sura kuandikwa msahafuni, wakichelea asije mtu akalidhania kuwa ni katika wahyi. Na lilipokubaliwa kuandikwa, aghalabu wanakili walilitenga kwa wino wa rangi nyingine au kwa nakshi, jicho lipate kujua mpaka.

Ama katika hadithi mambo ni mengine, kwa kuwa huko anwani ya mlango hutoa hukumu. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, yaani 870 Miladia, yasimuliwa kwamba anwani za milango yake alizipanga Madina, baina ya kaburi la Mtume na mimbari, akisali rakaa mbili kwa kila moja. Mwenye kuzichungua anwani hizo huuona uadilifu wake. Pale ambapo dalili zimegongana, au ambapo yeye mwenyewe hakukata shauri, huiandika anwani kwa sura ya swali, akamwachia msomaji hadithi zilizo chini aamue. Kuna mahali ameandika anwani pasi na hadithi yoyote chini yake, na wafafanuzi wake wamesema kwamba hakuipata iliyotimiza sharti lake. Akaona heri mlango ukae mtupu kuliko kuujaza kwa kisichostahiki. Na kuna mahali ameandika neno "mlango" peke yake, bila ya anwani, kama mtu anayepumzika kisha akaendelea na yale yale.

Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 261, alizipanga hadithi zake kwa utaratibu wa milango, lakini anwani hakuziandika. Zile tuzisomazo leo kitabuni mwake, zilizo mashuhuri ni za Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676, ambaye sisi Mashafii wa pwani twamjua kwa Minhaji na kwa Riyadhu Swalihina isomwayo misikitini. Ni anwani nzuri, zimepangika, na zina harufu ya madhehebu ya mwenye kuziweka. Msomaji wa Muslim, basi, hukutana na Nawawi kabla hajakutana na Muslim, na wengi hawana habari. Mimi naona Muslim alipoacha kuziandika alikuwa na busara kubwa, ingawa nakiri kwamba bila ya Nawawi ningepotea humo.

Wakristo nao yamewafika. Kile kisa cha Luka, mlango wa 15, ambacho wachapishaji wamekiwekea anwani ya mwana mpotevu, chaanza kwa baba mwenye wana wawili, na chamalizikia kwa yule mkubwa aliyekasirika akagoma kuingia nyumbani. Lakini kwa kuwa anwani imemtaja mdogo, mkubwa amesahauliwa nje.

Sasa tuchukue jambo la kwetu. Mwandishi anaandika juu ya tope jekundu ambalo mto Sabaki humwaga katika Ghuba ya Malindi, nalo huharibu matumbawe. Habari anazo: tumbawe la huko lenye umri wa miaka ipatayo 300 lilikatwa na wataalamu, likaonyesha kwamba udongo uletwao na mto uliongezeka sana mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya bara ilipozidi kulimwa. Akiandika kichwa kidogo, "Nani ameua bahari ya Malindi?", ameweka alama ya kuuliza lakini hakuuliza, kwa kuwa amekwisha hukumu kwamba bahari imekufa na kwamba yuko muuaji, na aya zake hazikusema hata moja kati ya hayo. Akiandika, "Sabaki na tope lake", amefanya kama walivyofanya wachimbuzi wa Gedi, na hana taksiri, ila hakumsaidia msomaji. Lakini akiandika, "Je, tope lilianza na mashamba ya bara?", kisha akaleta ushahidi wa tumbawe, na pamoja nao akasema kwamba mvua kubwa za baada ya ukame nazo huukokota udongo, atakuwa ameuliza swali ambalo aya zake zinalijibu kwa kadiri zinavyojua, na msomaji apitishaye kidole, hata asiposhuka chini kuzisoma, hatakuwa ameondoka na uwongo mkononi.