Mungu Hapimi Kimo

Fundisho kwa wakatekumeni wanaongoja kuandikwa katika kitabu cha wateule

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Juni 2023, katika kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto Lualaba, upande wa Alunguli, vijana kadhaa walikesha nje wakiuzunguka mwanga wa simu moja. Hawakukesha kwa ajili ya matanga, wala kwa ajili ya sala. Walikuwa wakingoja majina. Huko Marekani, katika mji wa New York, timu kubwa za mpira wa kikapu zilikuwa zikichagua wachezaji wapya. Kwao ilikuwa jioni. Kwa saa za Kindu ilikuwa saa 8 za usiku.

Asiyeujua uchaguzi huo na aelezwe kwa ufupi. Timu za ligi ile, iitwayo NBA, ni 30. Kila mwaka huchagua vijana kwa zamu, katika duru mbili. Timu zilizoshindwa ndizo hutangulia, ili wanyonge wapate kuinuka. Mwaka ule timu 14 ziliingia katika kura: mipira midogo 14 yenye namba ilizungushwa katika chombo, ikatolewa 4, na namba zilizotoka zikaonyesha ni timu gani itangulie. Nao vijana wenyewe hupimwa kabla ya siku kufika: kimo chao bila viatu, urefu wa mikono, nguvu ya kuruka. Basi mashabiki huandika orodha zao. Huyu atakuwa wa kwanza, yule wa kumi, fulani hatatajwa kamwe. Hubishana kwa miezi, kana kwamba wenye timu wamewaita barazani.

Vijana wa Kongo wanayo sababu ya kukesha. Mwaka 1991 Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekwenda Marekani akitumaini kuwa daktari, alichaguliwa wa 4 na timu ya Denver. Mali aliyoipata hakuila peke yake. Alijenga mjini Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, nayo ikafungua milango mwaka 2007. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2024. Baada yake wakafuata Bismack Biyombo wa Lubumbashi mwaka 2011, Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, mwaka 2015, na Jonathan Kuminga wa Goma mwaka 2021. Watatu hao kila mmoja alichaguliwa wa 7.

Hapo ndipo shetani alipotega mtego wake. Kati ya vijana wale alikuwamo mkatekumeni mmoja, mwanafunzi hodari, aliyejua majibu ya katekisimu kuliko wenzake wote. Akasema, "Namba 7 ni namba ya Wakongo. Imekwisha kujionyesha mara tatu." Mwaka ule Mkongo aliyetazamiwa alikuwa Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, ambaye mwaka 2022 alitunukiwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani. Mwanafunzi akaapa kwamba Tshiebwe hawezi kukosa kuitwa. Mwenzake, naye mkatekumeni, akabisha. Wakawekeana dau: mwenzake baiskeli, mwanafunzi mbuzi jike. Lakini mbuzi yule hakuwa wake. Alikuwa wa mama yake mjane, aliyemfuga ili apate kumlipia binti yake mdogo karo ya sekondari. Mwenzake alilijua hilo, akanyamaza.

Majina yakaanza kuitwa. Wa kwanza alikuwa Victor Wembanyama, kijana wa Ufaransa ambaye baba yake ana asili ya Kongo. Hilo watu wengi walikuwa wamelibashiri, na hawakukosea. Likaitwa jina la 7, halikuwa la Tshiebwe. Likaitwa la 20, la 30, la 40. Jogoo wakawika. Jina la 58 ndilo lililokuwa la mwisho, na la Tshiebwe halikusikika. Kwa ushujaa wake wote, wengi walisema kwamba kimo chake hakitoshi kwa mahali anapocheza.

Kabla jua halijapanda, mbuzi alikuwa ametolewa zizini na kufichwa kijiji cha pili. Mama akamtafuta hata jioni. Alipomuuliza mwanawe, kijana hakuthubutu kusema kweli. Akajibu kwamba alimwona yatima mmoja wa jirani akipita karibu na zizi alfajiri. Alisema hivyo tu, wala hakuongeza. Yatima yule akapigwa, akafukuzwa nyumbani mwa mjomba wake, akaitwa mwizi kijijini kote.

Wakatekumeni na watambue mahali dhambi ilipoingia. Kubashiri mchezo ni maongezi, na maongezi ya jioni hayamchukizi Mungu. Lakini kijana huyu aliipa namba uwezo ambao ni wa Mungu peke yake. Mtu akiacha hirizi ya mganga, kisha akatumainia namba 7, ameacha nini? Amebadili kamba tu, na shingo ingali imefungwa. Tena, aliweka dau mali isiyo yake, mali iliyokuwa riziki na elimu ya mwingine. Kanisa halifundishi kwamba kila dau ni dhambi. Lafundisha kwamba dau ni ovu linapomnyang'anya mtu kile anachohitaji yeye na watu wa nyumba yake. Mwisho, dhambi ya kwanza iliita ya pili, na ya pili ikaita ya tatu: kamari ikazaa wizi, wizi ukazaa uongo, na uongo ukampiga asiye na kosa.

Sasa na wasikie habari za uchaguzi mwingine. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli yaandikwa kwamba Mungu alimtuma nabii huyo Bethlehemu, nyumbani kwa Yese, ampake mafuta mfalme mpya. Akapita Eliabu, mwana mkubwa, mrefu, mwenye sura ya kupendeza. Hata Samweli, mtu mtakatifu, alibashiri moyoni mwake kwamba ndiye. Mungu akamkataza asiutazame uso wala kimo, kwa kuwa binadamu huona yaliyo nje, lakini Bwana huuona moyo. Wakapita wana 7 wa Yese, na kati ya hao 7 hakuchaguliwa hata mmoja. Namba haikuwa na nguvu yoyote. Alikuwa amebaki mdogo, Daudi, ambaye hata baba yake hakufikiri kumwita. Alikuwa malishoni na kondoo. Huyo ndiye aliyepakwa mafuta.

Ikiwa nabii alidanganywa na macho yake, je, wenye kupima kwa utepe? Mwaka 2014 timu ya Denver ilimchagua Nikola Jokić wa Serbia akiwa wa 41. Jina lake lilipotajwa, runinga ya Marekani ilikuwa ikionyesha tangazo la chakula, na mwenyewe alikuwa amelala usingizi. Baadaye akawa mchezaji bora wa ligi nzima mara tatu, miaka ya 2021, 2022 na 2024. Na Tshiebwe hakubaki nje: mwaka ule ule wa 2023 timu ya Indiana ilimpa mkataba, akaingia kwa mlango wa uani. Watu hupima kimo, lakini uvumilivu wa mtu hawana kipimo chake.

Turudi kijijini. Kwaresima ya mwaka 2024 ilipokaribia, wakatekumeni walianza kubashiri wao kwa wao. Nani ataitwa kwa ubatizo wa Pasaka? Wakatengeneza orodha kama ile ya mpira. Wa kwanza wakamweka mwanafunzi, maana hakukosea jibu hata moja. Wa mwisho wakamweka bibi kizee mmoja asiyejua kusoma, ambaye kila mara alichanganya majina ya sakramenti. Wakacheka. Hawakukumbuka kwamba yatima aliyefukuzwa alikuwa amelala nyumbani mwa bibi huyo tangu mwezi wa Juni, akila chakula chake, na kwamba kwa sababu hiyo majirani walikuwa wameacha kumsalimu.

Jumamosi moja katekista mzee aliwakusanya, akamwita bibi na kumwuliza, "Mama, kwa nini ulimpokea mtoto anayeitwa mwizi?"

Bibi akajibu, "Mwalimu, mimi sikuona akiiba. Niliona ana njaa."

Wote wakanyamaza. Mwanafunzi, aliyejua majibu yote, hakuwa na jibu. Usiku ule hakulala. Kulipokucha alikwenda kwa katekista, akaanguka magotini.

"Mwalimu, yatima hakuiba. Mbuzi nilimtoa mimi."

"Simama, mwanangu. Je, mama yako amekwisha kujua?"

"Bado, Mwalimu. Naona haya."

"Haya hiyo uliiweka juu ya mtoto mwingine kwa miezi 8. Sasa ichukue mwenyewe. Nenda kwa mama yako kwanza, kisha kwa yatima, kisha mbele ya watu wote."

Mkatekumeni na aangalie neno hili. Kabla ya ubatizo hapana sakramenti ya kitubio. Lakini kutubu kupo, na kumrudishia mtu haki yake kupo. Maji ya ubatizo huondoa dhambi zote, wala hayamwondolei mtu wajibu wa kurudisha mbuzi wa jirani. Kijana akasema kweli mbele ya mama yake, naye mama akalia. Akamwendea yatima, akamwomba msamaha. Jioni, wazee walipokutana, akasimama katikati yao, akalisafisha jina alilolichafua. Mwenzake akamleta mbuzi pamoja na mwanambuzi aliyezaliwa mafichoni. Mjomba akaja kumchukua yatima, kichwa chini.

Dominika ya kwanza ya Kwaresima majina yakaitwa ili yaandikwe katika kitabu cha wateule. Jina la kwanza lilikuwa la bibi kizee. Hakusikia vizuri, ikabidi yatima amshike mkono na kumpeleka mbele. Jina la mwanafunzi halikuitwa, wala la mwenzake. Padri alikuwa amewaambia wangoje mwaka mmoja, waonyeshe kwa matendo kwamba toba yao ina mizizi. Mwanafunzi alilia, lakini hakuacha mafundisho. Mwaka mzima alimsomea bibi yule Injili kila Dominika jioni, na kwa kazi ya mikono yake alilipa sehemu ya karo ya dada yake. Pasaka ya mwaka 2025 alibatizwa.

Hii ndiyo tofauti kati ya uchaguzi wa dunia na uchaguzi wa Mungu. Uchaguzi wa dunia una nafasi chache, na jina la mwisho likiisha kuitwa, taa huzimwa. Kitabu cha Mungu hakifungwi kwa sababu kimejaa. Anayeambiwa angoje hakutupwa. Anapewa muda wa kujitayarisha. Tena dunia humchagua mtu kwa sababu amekwisha kuwa na nguvu, bali Mungu humchagua mnyonge, kisha humpa nguvu. Mwenye heri Isidori Bakanja wa nchi hii ya Kongo alikuwa kijana mwashi, kibarua wa Wazungu, aliyebatizwa mwaka 1906. Alipigwa kikatili kwa sababu hakukubali kuvua skapulari ya Bikira Maria, akafa mwaka 1909 huku akimsamehe aliyempiga. Ni nani katika siku zile angaliliweka jina lake mbele katika orodha yoyote? Hata hivyo mwaka 1994 Kanisa lilimtangaza Mwenye heri.

Maswali ya kujifunza

Je, ni dhambi kubashiri nani atachaguliwa katika mchezo?
Si dhambi, ikiwa ni maongezi tu, pasipo ushirikina, pasipo ugomvi na pasipo kumdharau mtu.

Je, namba au ndoto huweza kumfunulia mtu mambo yajayo?
Haziwezi. Mambo yajayo ni ya Mungu. Mkristo hutumainia ulinzi wake.

Dau huwa ovu lini?
Linapokuwa la udanganyifu, au linapomnyang'anya mtu riziki yake na ya watu wa nyumba yake.

Aliyemsingizia mwenzake afanye nini?
Atubu, aseme kweli mbele ya wale waliosikia uongo, na alipe hasara aliyoileta.

Mungu hutazama nini kwa mtu?
Hutazama moyo.

Kusudi la juma hili

Kila mkatekumeni na amtafute mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe amemweka wa mwisho katika orodha ya moyo wake: mgonjwa, mgeni, mjinga, au aliyesingiziwa. Aende kumsalimu kwa heshima, na kama alimkosea, amwombe radhi kabla ya Dominika. Kisha aombe kwa maneno yake mwenyewe, akisema: Bwana, jina langu walijua, unipe moyo wa kuitika utakaponiita. Amina.