Kitabu Kilichofungiwa Kabatini

Je, mkutubi wa shule ana haki ya kuwanyima watoto wa leo kitabu ili awawekee wa kesho? Swali si jepesi hapa Uganda, ambapo nakala moja huweza kugombewa na darasa zima. Ranganathan wa Uhindi aliweka kanuni mwaka 1931 kwamba vitabu ni vya kutumiwa, nami naafikiana naye. Hebu nakala hiyo iwe *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert. Mkutubi aisome kwa sauti hadi manyani wawili wanapopigwa usiku, kisha akifunike: watoto wamhukumu Adili kabla ya kujua sababu. Watakigombea kesho yake! Kurasa zitachakaa, naam. Basi wafundishwe pia kuzishona.