Mjini au Shamba: Furaha Iko Wapi?



Katika sensa ya mwaka 1967 watu wa Mkoa wa Dar es Salaam hawakufika laki 4. Katika sensa ya mwaka 2022 walipita milioni 5. Wengi wao ni watoto wa shamba waliokwenda kutafuta maisha, wala hatuwalaumu. Shamba hatulipi kodi ya nyumba, lakini fedha huonekana wakati wa mavuno, na ugonjwa haungoji mavuno. Mjini mshahara huja mwisho wa mwezi, lakini hata maji na mkaa hununuliwa.

Mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Richard Easterlin, alieleza mwaka 1974 kwamba katika nchi moja wenye kipato kikubwa husema wana furaha kuliko maskini; lakini nchi nzima ikitajirika, furaha haiongezeki kwa kadiri hiyo. Sababu aliyoitoa ni kwamba mtu hujipima kwa mwenzake.

Jambo hili tunaliona katika parishi yetu. Kijana aliyekosa kazi mjini haji nyumbani Krismasi, si kwa kukosa nauli tu, bali kwa kuona haya. Anajua kwamba akishuka basini, watu watautazama mkoba kabla ya uso. Mama yake naye humngoja, akidhani amesahauliwa. Umaskini umewanyima fedha. Aibu imewanyima hata kuonana.

Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni. Alipokea kwa shukrani zawadi waliyompelekea kwa mkono wa Epafrodito, maana njaa ni njaa, na dini haitufundishi kuisifu. Lakini aliwaambia kuwa amejifunza kuridhika, akiwa na vingi au akipungukiwa. Hakuzaliwa na jambo hilo, alijifunza. Na kilichomfurahisha zaidi ya zawadi ni wao wenyewe.

Basi, ndugu, nasi tujifunze. Mwenye kipato asaidie nyumbani bila kujivuna. Tulio shamba tupeleke salamu mjini juma hili, tuseme wazi: njoo, hata mikono mitupu. Yule baba wa Injili alimkimbilia mwana aliyetapanya mali. Sembuse kijana aliyetafuta kazi kwa uaminifu akakosa? Nyumba inayompokea mtu hivyo ina furaha, iwe ya makuti kule Muheza au chumba kimoja cha kupanga Buguruni.

Bwana atujalie nyumba za namna hiyo. Amina.